BAADA YA OPERESHENI YA UTUMBO, SAFARI HAIJAISHA

(Mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Migosi, Kisumu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)





Niliombwa nije nizungumze juu ya kansa. Nikamwambia katibu hapana, kansa ni kubwa kama ziwa, siwezi kuimaliza asubuhi moja na chai inangoja. Nitazungumza juu ya kipande kimoja tu: mtu ambaye amepatikana na kansa ya utumbo mpana, akafanyiwa operesheni, akarudi nyumbani. Ni kitu gani kinafuata? Wengi wetu tunadhani hakuna kinachofuata ila uji na kumshukuru Mungu. Hata mimi nilidhani hivyo, na kosa hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na baba mmoja katika jumuiya, fundi wa baiskeli. Jina lake silitaji. Alianza na damu kwenye choo na tumbo la kuuma. Akanunua dawa za amiba, halafu akaambiwa ni bawasiri, halafu dawa za taifodi, na mwaka ukapita hivyo. Mwisho utumbo ukafunga kabisa, akakimbizwa hospitali usiku, akapasuliwa, kipande cha utumbo kikatolewa. Tulifanya harambee, nyinyi wengine mlikuwepo. Alipotoka tukafanya Misa ya shukrani, na mimi kwa mdomo wangu nikasimama nikasema, "Ndugu yetu amepona."

Alikuwa amepewa barua. Barua ilisema arudi baada ya wiki nne kuchukua majibu ya nyama iliyopimwa, kisha aonwe na daktari wa kansa. Aliiweka ndani ya Biblia yake ikakaa humo. Kidonda kilikauka vizuri, alikuwa anakula, amerudi kwenye kazi yake chini ya mti. Nani angemwambia arudi hospitali? Mimi niliiona ile barua, nikasoma, nikairudisha mahali pake. Baada ya mwaka na miezi miwili macho yalikuwa ya manjano na ini limevimba. Tukazika.

Baadaye nilikuwa nakagua daftari la kikundi chake, kama ninavyokagua mengine. Kuna ukurasa wa michango ya operesheni, majina na pesa. Kuna kurasa tatu za matanga: hema, basi, ng'ombe, mapicha. Katikati ya hizo kurasa hakuna kitu. Hata shilingi mia ya nauli haikuandikwa, kwa sababu hakuna aliyeomba na hakuna aliyejua kuna cha kuombwa. Mambo ninayoleta leo ni juu ya ukurasa huo ambao haukuandikwa.

Sasa sikilizeni vile ugonjwa unavyofanya. Nyinyi ni wakulima, hata kama mnaishi Migosi mna shamba nyumbani. Mnaijua kayongo, yale maua mazuri ya rangi ya zambarau yanayoua mahindi. Mtu anaingia shambani, anang'oa kayongo yote, shamba linaonekana safi. Lakini mbegu za kayongo ni ndogo kama vumbi, huwezi kuziona, na zinaweza kulala kwenye udongo miaka na miaka. Kansa ya utumbo iko karibu hivyo. Daktari wa upasuaji anatoa uvimbe wote anaouona, pamoja na utumbo wa kando kando na tezi zilizo karibu. Kazi yake ni kubwa na hakuna dawa inayoweza kuchukua nafasi yake. Lakini kama kabla ya operesheni chembe chache zilikuwa zimetoroka kwa njia ya damu au kwa njia ya tezi, kisu hakiwezi kuzifuata. Hazionekani kwa macho, hata kwa skani hazionekani. Zinakaa kwenye ini au kwenye mapafu zikingoja.

Wengine husema ni kisu kinachosambaza kansa, eti hewa ikiingia tumboni ugonjwa unakasirika. Si kweli, na maneno hayo yamewafanya watu wengi wakatae operesheni ambayo ingewaokoa. Ugonjwa ukirudi baada ya operesheni, ni kwa sababu mbegu zilikuwa zimeshatoka kabla kisu hakijagusa.

Dawa za kemo zinapita ndani ya damu, kwa hiyo zinafika mahali ambapo mkono wa daktari haufiki. Zinazitafuta chembe zinazogawanyika upesi na kuziua zikiwa bado chache. Ndiyo sababu zinatolewa kwa mtu anayeonekana mzima. Na hilo ndilo jambo gumu kuwaeleza watu! Mgonjwa anauliza, "Sina maumivu, mbona mnitie sumu?" Jibu ni kwamba wakati mzuri wa kuua mbegu ni kabla hazijaota. Zikishaota kwenye ini, dawa hizo hizo mara nyingi zinaweza kurefusha maisha tu, kuponya kunakuwa kwa wachache.

Je, zinasaidia kweli? Hapa nataka nitoe hesabu, maana watu wa vikundi wanapenda hesabu.

Dawa iliyo mama ya zote katika ugonjwa huu inaitwa fluorourasili. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1957. Kwa miaka mingi madaktari waliitumia baada ya operesheni bila kuwa na hakika kama inafaa. Mwaka 1990 ulitangazwa utafiti mkubwa wa Marekani juu ya watu ambao kansa ilikuwa imeingia kwenye tezi. Wengine walipata operesheni pekee, wengine waliongezewa fluorourasili pamoja na dawa iitwayo levamisole. Msicheke, ndiyo, levamisole ile ile ya kuwapa mbuzi minyoo! Kwa wale waliopata dawa hizo mbili, kurudi kwa ugonjwa kulipungua kwa asilimia 41, na vifo vikapungua kwa asilimia 33. Tangu hapo madaktari hawabishani tena kama watu wa aina hiyo wapewe dawa. Wanabishana ni dawa gani na kwa muda gani. Levamisole yenyewe iliachwa baadaye, kwa kuwa kulipatikana vitu vizuri zaidi vya kuchanganya. Kwa hiyo tafadhali mtu asirudi nyumbani akachukua chupa ya mbuzi.

Baadaye ikaongezwa dawa nyingine, oksaliplatini, ambayo inaingizwa kwa dripu. Utafiti uliofanywa zaidi Ulaya uliwafuata wagonjwa miaka mitano, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2009. Kati ya watu 100 wenye ugonjwa kwenye tezi waliopata dawa hizo pamoja, karibu 66 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa waliopata fluorourasili bila oksaliplatini walikuwa karibu 59. Kwa operesheni pekee, madaktari hukadiria kama nusu.

Tuweke hiyo kwa lugha yetu. Chukua watu mia wa namna hiyo waliopasuliwa. Karibu hamsini wangepona kwa kisu tu, hata bila dawa. Wengine kama thelathini na kitu, ugonjwa unarudi hata wakipewa dawa. Hapo katikati kuna kama kumi na tano, labda zaidi kidogo, ambao dawa ndiyo inayowavusha. Shida ni kwamba hakuna anayejua ni akina nani. Hawana alama kwenye paji la uso. Kwa hiyo wote wanapewa ili wale kumi na tano wapatikane.

Nasema hivyo wazi kwa sababu nimesikia mtu akisema, "Fulani alipewa kemo na akafa, hiyo kemo ni bure." Na mwingine anasema, "Fulani alikataa na bado anauza mboga Kondele." Wote wawili wanasema ukweli, lakini hawajui kuhesabu mia. Watu kumi na tano ni kikundi kizima. Kuna vikundi hapa ambavyo havifiki watu kumi na tano.

Kuna wazee wanaosema kansa ya utumbo ni ugonjwa wa wazungu, na kemo ni dawa ya wazungu. Hiyo ya kwanza ina historia. Kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, ng'ambo hapa, katika hospitali ya Mulago. Yeye aliona kwamba watu wetu wa vijijini walipata kansa ya utumbo mara chache sana kuliko watu wa Uingereza. Mwaka 1971 aliandika kwamba chanzo ni chakula: sisi tulikula chakula chenye makapi mengi, wao walikula mkate mweupe. Alisema hivyo wakati babu zetu walikuwa wanakula kuon ya mtama na mboga za kienyeji kila siku. Angalieni sahani zetu leo. Unga umekobolewa mpaka mweupe kabisa, chipsi, soda, na kutembea tumeachia boda boda. Leo kansa ya utumbo ni moja ya kansa tano zinazopatikana zaidi hapa Kenya, na kati ya wagonjwa wetu wamo wengi wa chini ya miaka hamsini. Ugonjwa umeshajifunza Kiswahili na Kijaluo.

Na kuhusu dawa ya wazungu, huyo huyo Burkitt ndiye aliyeeleza kansa ya taya kwa watoto wa sehemu zetu hizi za joto na malaria. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri kama maili 10,000 mpaka Afrika Kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza wapi ugonjwa huo upo na wapi haupo. Na katika miaka hiyo ya 60, hapa Afrika Mashariki, watoto wenye uvimbe mkubwa usoni walipewa dawa za kemo, na uvimbe ukayeyuka kwa siku chache. Wengine walipona kabisa kwa dawa tu. Wakati huo hata Ulaya na Marekani kulikuwa na madaktari wengi ambao hawakuamini kwamba dawa inaweza kuponya kansa. Hospitali ya kansa ya Kampala ilianza kutokana na kazi hiyo, mwaka 1967. Kwa hiyo hii si dawa iliyoletwa jana kujaribiwa juu yetu. Ziwa letu lina sehemu katika hadithi yake.

Haya, ni nani anayehitaji? Si kila mtu. Kama uvimbe ulikuwa mdogo, haujapita ukuta wa utumbo wala kuingia kwenye tezi, hiyo ni hatua ya kwanza, operesheni inatosha, na kumpa dawa ni kumtesa bure. Hatua ya pili, uvimbe umepita ukuta lakini tezi ni safi, faida ya dawa ni ndogo, watu wachache kwa mia. Daktari ataangalia kama kuna dalili za hatari, kwa mfano utumbo ulikuwa umefunga au umetoboka. Hatua ya tatu, tezi zina ugonjwa, hapo ndipo faida ni kubwa na hapo ndipo tusikubali mtu apotee. Hatua ya nne, ugonjwa umeshafika ini au mapafu, dawa bado zinatolewa lakini kwa shabaha nyingine. Na kansa ikiwa chini kabisa karibu na njia ya choo, mpango wake ni tofauti, mara nyingi huanza na mionzi kabla ya operesheni.

Sasa mtu atajuaje hatua yake? Atajua kwa karatasi ya majibu ya nyama iliyopimwa. Ile karatasi ina thamani kuliko mkoba wowote utakaobeba hospitalini, na ndiyo ambayo familia nyingi hazirudi kuichukua. Kila kikundi kiwe na mtu mmoja asiyeogopa kuuliza. Aende na mgonjwa na aulize: majibu yako wapi? Tezi ngapi zimepimwa, na ngapi zimepatikana na ugonjwa? Madaktari wenyewe wanataka zipimwe angalau 12, kwa hiyo si ukosefu wa adabu kuuliza. Kisha aombe nakala. Mafaili hupotea, nyumba huungua, mafuriko ya Nyando hubeba makaratasi. Piga picha kwa simu.

Tena uliza mapema. Dawa zinafaa zaidi zikianza mtu akishapata nguvu, kwa kawaida ndani ya wiki sita hadi nane baada ya operesheni. Kila mwezi unaopita faida inapungua, kwa sababu mbegu zinaendelea kuota. Kama umechelewa, usijihukumu ukakaa nyumbani, nenda uulize. Lakini wiki nane si nyingi. Zinaliwa na kungoja majibu, kungoja mjomba atoke Nairobi, kungoja mavuno, kungoja kidonda, halafu kuna matanga ya mtu mwingine, na kabla hujageuka ni miezi minne.

Dawa zenyewe zinatolewa hivi. Kuna mpango ambapo mgonjwa anawekewa dripu siku moja, halafu anaenda nyumbani na vidonge vya kunywa asubuhi na jioni baada ya chakula kwa siku 14, kisha anapumzika siku 7, kisha anaanza tena. Kuna mpango mwingine ambapo dripu inakwenda polepole kwa siku mbili, kila baada ya wiki mbili. Zamani yote ilikuwa miezi sita. Mwaka 2018 ilitangazwa kazi iliyounganisha tafiti sita za nchi nyingi, wagonjwa zaidi ya 12,000, ikaonyesha kwamba kwa wale wa hatua ya tatu ambao ugonjwa wao si mkubwa sana, mpango ule wa vidonge kwa miezi mitatu unafanya kazi karibu sawa na miezi sita. Miezi mitatu ni mizunguko minne tu. Hilo nalo uliza, maana ni nauli nusu na mateso nusu. Kwa wazee waliopita miaka 70, mara nyingi vidonge peke yake vinatosha.

Mateso yapo, sitawadanganya. Kuna kichefuchefu, kuhara, vidonda mdomoni, ngozi ya viganja na nyayo kuwa nyekundu na kubabuka, na uchovu unaomfanya mtu mzima alale mchana kama mtoto. Nywele kwa dawa hizi hupungua tu, mara nyingi haziishi. Na ile oksaliplatini ina jambo lake la ajabu: mtu hawezi kugusa kitu baridi. Akigusa anahisi kama amepigwa na stima. Akinywa maji baridi, koo linakaza.

Hili nililijua kwa mama mmoja anayeuza samaki. Kazi yake yote ni barafu. Alipoanza dawa, siku ya tatu aliingiza mkono kwenye sanduku la samaki akapiga kelele, watu wakadhani ameumwa na nyoka. Alitaka kuacha dawa, kwa sababu bila samaki watoto hawali. Kikundi chake kilikaa kikaamua jambo rahisi: kila asubuhi mwanachama mmoja anapanga samaki wake kwenye barafu na jioni mwingine anawatoa, yeye anakaa mbele kuuza tu, amevaa soksi mikononi. Hawakuchanga hata senti tano kwa hilo. Alimaliza mizunguko yote. Hadi leo vidole vyake vina ganzi kidogo, kufunga vifungo vya blauzi ni kazi. Lakini yuko, ni mwaka wa tano. Je, ni dawa iliyomwokoa? Sijui. Huenda alikuwa mmoja wa wale hamsini wa kisu. Lakini alisimama mahali ambapo kama angekuwa wa wale kumi na tano, angevushwa.

Ganzi hiyo isifichwe. Ikizidi, daktari anapunguza dawa au anaitoa na kuendelea na ile nyingine. Wagonjwa wetu wana tabia ya kuvumilia na kusema "niko sawa daktari" mpaka wanaharibika. Wafundisheni kusema.

Na jambo moja ambalo nataka kila mtu hapa alikariri. Mgonjwa aliye kwenye kemo akishikwa na homa, asipewe panado akaambiwa alale. Dawa zinashusha askari wa damu, na homa ndogo inaweza kumuua kwa siku moja. Aende hospitali usiku ule ule, kama ni boda boda, kama ni kubebwa. Hapa vikundi vinaweza kuokoa mtu kuliko hotuba yangu yote: pesa kidogo ziwekwe kando, zijulikane ziko kwa nani, na mlango ugongwe hata saa nane za usiku. Vilevile akihara mara nyingi bila kukoma, asimame na vidonge na aende hospitali.

Mtu anayetumia dawa za ARV anaweza kupata kemo, msimnyime nafasi kwa kudhani ni mzigo mara mbili. Ila amwambie daktari, asifiche, maana dawa zinaweza kugongana. Na mitishamba vilevile. Siwakatazi watu mambo ya mama zao, lakini katika miezi hiyo, dawa ya kienyeji pamoja na kemo ni mafahali wawili kwenye zizi moja. Ini ndilo linaloumia. Na mimba isishikwe katika miezi ya dawa, iwe mgonjwa ni mke au mume. Mzungumze na daktari, na Padri asinikasirikie, yeye anajua ninachomaanisha.

Tuje kwenye pesa. Zamani mtu wa huku alikuwa hana njia ila Kenyatta, Nairobi, na nauli peke yake ilimaliza ng'ombe. Siku hizi dawa za kemo zinatolewa hapa hapa Kisumu katika hospitali ya Jaramogi, ile iliyojengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka 1969, ndiyo maana mpaka leo tunaiita Russia. Kutoka hapa Migosi ni mwendo wa miguu. Eldoret pia wanatoa.

Bima ya NHIF ilikwisha, na tangu Oktoba 2024 ni SHA. Ilipoanza, matibabu ya kansa yaliwekewa kiwango cha shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu hizo zikiisha. Viwango hivi serikali huvibadilisha, kwa hiyo ulizeni dirishani kabla ya kuanza. Lakini sikilizeni mtego wake. Kujiandikisha ni bure, hata kwa simu unaweza, *147#. Kujiandikisha peke yake lakini hakulipi matibabu ya kansa. Mtu asiye na mshahara anakadiriwa, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Hiyo ni 3,600 au zaidi, kwa mara moja. Mama wa omena anaweza kutoa mia tatu kila mwezi, lakini elfu tatu na mia sita siku moja hana. Nani ana uwezo wa kugeuza mia tatu tatu kuwa elfu tatu na mia sita? Ni mzunguko wenu! Hiyo ndiyo kazi mliyoizoea. Kabla hamjanunua sufuria nyingine, zungusheni SHA mpaka kila mwanachama awe amelipiwa, akiwa bado mzima.

Bado kutakuwa na nauli, vipimo vya damu kabla ya kila mzunguko, na siku ambazo dawa haipo dirishani na unaambiwa ukanunue nje. Na kuna malazi. Nyinyi wa Migosi mnajua hii: ndugu wa Bondo, wa Rusinga, wa Nyakach, akija Russia analala kwenu. Sebule zenu ni wodi. Najua inachosha, godoro kila wiki tatu na mgonjwa asiyetaka harufu ya vitunguu. Lakini mtu aliye na mahali pa kulala Kisumu anamaliza mizunguko yake. Asiye na mahali anaacha katikati. Vikundi vya vijijini vingeweza kutuma debe la mahindi au kuku kwa huyo anayelaza wagonjwa wao. Sijaona kikundi kinachofanya hivyo, na ningependa kukiona.

Dawa zikiisha, kliniki haiishi. Kwa miaka mitano atakuwa anarudi kupimwa. Na atembee. Mwaka 2025 ulitangazwa utafiti wa Kanada, Australia na nchi nyingine, watu 889 waliomaliza kemo ya utumbo. Nusu waliwekwa kwenye mpango wa mazoezi na mtu wa kuwafuatilia kwa miaka mitatu, wengi wao walikuwa wanatembea tu kwa haraka. Baada ya miaka minane, 90 kati ya mia walikuwa hai, na wale waliopewa kitabu tu cha mawaidha walikuwa 83. Kwa hiyo mkimtembelea mgonjwa, msikae mkala chapati zake. Mtoeni, mtembee naye mpaka Kondele na kurudi.

Neno la mwisho ni juu ya chira. Kuna familia ambayo ilisema mzee wao hahitaji dawa, anahitaji kusafisha boma kwanza, ndipo aende hospitali. Sikugombana nao. Niliwaambia tu kwamba wiki nane zinahesabiwa tangu siku ya operesheni, hazingojei boma. Walifanya mambo yao Jumamosi, Jumatatu wakawa kliniki. Kwa maombi ni vile vile. Tulimwombea yule fundi wa baiskeli usiku kucha, na barua ilikuwa ndani ya Biblia tuliyokuwa tunasoma.

Chai iko tayari naona, lakini tuchukue maswali matatu kwanza. Yule mama wa kitambaa cha buluu ameinua mkono tangu niliposema levamisole, tuanze na yeye.